Kagueni Mzigo, Mwacheni Mtu

Mtu mwema hana cha kuficha. Hivyo ndivyo unavyojibiwa kwenye kaunta ya vifurushi ukiuliza kwa nini jina lako kamili, namba yako ya simu na mtaa unaoishi vinaandikwa kwa maka peni, kwa tarakimu za kusomeka kutoka ng'ambo ya barabara, juu ya boksi litakalopita mikononi mwa watu usiowajua kutoka Dar es Salaam hadi Mwanza. Ukiuliza kopi ya kitambulisho chako cha NIDA ni ya nini, jibu ni lilo hilo. Na si makarani peke yao. Wafanyabiashara wanasema hivyo, walio nyuma yako kwenye foleni wanasema hivyo wakiona unawachelewesha, na watumaji wenyewe ndio mara nyingi humhimiza karani: andika namba kubwa, ionekane, mzigo usije ukapotea.

Nyuma ya jibu hilo ipo imani kwamba usalama na faragha vinagombea kiti kimoja, na kila kimoja hukaa pale tu mwenzake anapoinuka. Kwa imani hiyo, kila taarifa ya mtu inayoongezwa juu ya boksi au ndani ya daftari inaongeza usalama, na anayelalamika ama ana la kuficha ama anajifanya Mzungu. Ninaandika kuipinga imani hiyo yote, si nusu yake. Taarifa tunazoanika juu ya vifurushi vyetu hazimlindi mtumaji, hazimlindi mpokeaji, wala hazimlindi dereva na abiria waliokaa juu ya buti lililojaa mizigo. Zinawahatarisha. Na wakati tunahangaika kumwandika mtu, kitu chenyewe kilichomo ndani ya boksi, ambacho ndicho kinachoweza kuwaka moto, kinapita bila kuulizwa.

Nianze na hicho kilichomo ndani, maana hapo ndipo wanaonipinga hudhani nitakimbia. Mimi nataka vifurushi vikaguliwe, tena kuliko vinavyokaguliwa leo. Anayetuma mzigo kwa basi hana haki ya kukataa kuufungua mbele ya karani, na hoja ya faragha haiwezi kumkinga. Ndani ya basi hilo kuna kina mama na watoto ambao hawakuulizwa kama wanakubali kusafiri na mzigo wake. Lakini angalia kazi inavyofanyika katika ofisi nyingi za mizigo, iwe pale Mbezi kwenye Stendi ya Magufuli, iwe Msamvu Morogoro au Nyegezi Mwanza. Kiroba kinafika. Karani anauliza kinaenda wapi, kwa nani, namba gani, thamani yake kiasi gani. Anaandika kwenye kitabu cha risiti, anaandika juu ya kiroba, anazungusha selotepu, anataja bei. Swali la kilichomo ndani likiulizwa hujibiwa kwa neno moja, nguo, vifaa au dawa, na neno hilo linaandikwa kama lilivyosemwa. Mtu ameulizwa mambo manne na mzigo umeulizwa moja, tena kwa haraka.

Gharama ya kupanga maswali namna hiyo imekwishaonekana. Tarehe 3 Septemba 2010 ndege ya mizigo ya UPS, Boeing 747, iliondoka Dubai kwenda Cologne, Ujerumani. Moto ulizuka kwenye shehena, moshi ukajaa chumba cha marubani hadi wakashindwa kuona vifaa vilivyokuwa mbele yao, na ndege ikaanguka walipokuwa wakijaribu kurudi. Marubani wote wawili walikufa. Wachunguzi wa Falme za Kiarabu waligundua kwamba ndege ilibeba betri nyingi za lithiamu, na kwamba baadhi ya shehena za betri hizo zilistahili kutangazwa kuwa mzigo wa hatari lakini hazikutangazwa hivyo. Makaratasi ya mizigo yalikuwapo, na wenye mizigo waliandikwa. Kilichokosekana kwenye makaratasi ni ukweli kuhusu kitu.

Betri za aina hiyo ndizo zilizomo ndani ya simu, pawabenki, taa za sola na kompyuta mpakato zinazotoka Kariakoo kwenda mikoani kila siku. Weka pawabenki iliyovimba katikati ya vitenge, ibane chini ya magunia, ipitishe kwenye joto la mchana la Singida, halafu uniambie jina kamili la mpokeaji litazuia nini. Karani anayejali usalama angeuliza: kuna betri humu? Ipo ndani ya kifaa au imelegea peke yake? Kuna manukato, rangi ya mafuta, mtungi wa gesi, kiberiti, petroli ya jenereta? Angefungua, angetazama, angefunga tena mbele ya mwenyewe, angepiga muhuri juu ya selotepu. Hakuna hata swali moja kati ya hayo linalohitaji kujua mtumaji analala wapi.

Nitaambiwa kwamba mfano wa betri unahusu ajali tu, na kwamba kopi ya kitambulisho inakusudiwa kumnasa mwovu: msafirishaji wa dawa za kulevya, mwizi, gaidi. Hii ndiyo hoja yao yenye nguvu kuliko zote, basi tuitazame pale ilipopata jaribio lake kubwa. Kabla miezi miwili haijatimia tangu ajali ile ya Dubai, mwishoni mwa Oktoba 2010, vifurushi viwili vilitumwa kutoka Sanaa, Yemen, kupitia kampuni kubwa za kimataifa za usafirishaji, vikiwa na anwani za masinagogi ya Chicago, Marekani. Ndani yake kulikuwa na mashine za kuchapisha, na ndani ya katriji zake za wino kulikuwa na baruti kali iitwayo PETN. Kimoja kilikamatwa Dubai, kingine katika uwanja wa East Midlands, Uingereza, baada ya Saudi Arabia kutoa taarifa za kijasusi.

Zingatia kilichotokea kwa kitambulisho. Mtu aliyepeleka vifurushi kaunta aliacha taarifa za utambulisho kama alivyotakiwa. Zilikuwa za mwanafunzi mmoja wa kike wa pale Sanaa. Askari wakaenda kumkamata. Baadaye wakala wa mizigo akasema huyu siye aliyesimama mbele yake, na mamlaka zikamwachia, zikieleza kwamba utambulisho wake uliibwa. Katika mkasa huo wote kitambulisho hakikuzuia bomu kupokelewa, hakikuwaelekeza wapelelezi kwenye vifurushi, na hakikumfichua aliyevituma. Mtu pekee aliyefikiwa kwa kitambulisho hicho alikuwa binti asiye na kosa. Mwovu haogopi kuacha kopi ya kitambulisho kwa sababu haachi cha kwake. Anaacha cha mtu mwema, yule yule tuliyemwambia hana cha kuficha, na anakipata kwa sababu kopi zimezagaa.

Hapa kwetu kitambulisho kina uzito zaidi kuliko ulivyokuwa miaka kumi na tano iliyopita. Tangu usajili wa laini za simu kwa alama za vidole, ambao kikomo chake kilikuwa Januari 2020, namba ya NIDA imefungamana na simu ya mtu, na simu ndiyo pochi yake. Serikali yenyewe ililazimika kuweka njia ya kubonyeza *106# ili mwananchi ajue ni laini ngapi zimesajiliwa kwa kitambulisho chake. Njia hiyo isingekuwa na maana kama watu hawangekuta laini wasizozijua. Sasa nieleze kwa nini ofisi ya mizigo inayosafirisha jozi ya viatu itake kopi ya karatasi hiyo, iitupe kwenye droo isiyo na kufuli, kisha mwisho wa mwaka ifungie vitumbua. Kuonyesha kitambulisho ni jambo moja, kuacha kopi yake ni jambo jingine kabisa. Karani akitaka kujua kama mimi ndiye ninayesema, na atazame, anirudishie, aandike kwamba ametazama. Imetosha.

Na anayechukua mzigo upande wa pili lazima athibitishwe kwa ukali zaidi kuliko leo. Hapo sina ugomvi na kanuni hata kidogo. Mzigo ni mali ya mtu, na kuukabidhi kwa yeyote anayejua kusoma jina lililoandikwa juu ya boksi ni kumwibia mwenyewe. Tazama jinsi maka peni inavyofanya kazi hapa: jina na namba vilivyo juu ya boksi ndivyo karani wa Nyegezi atakavyomuuliza mchukuaji. Unaitwa nani? Namba yako? Mpiga debe yeyote aliyepita karibu na rundo la mizigo anayo majibu yote mawili. Tumeandika funguo juu ya mlango, halafu tunasema tumefunga.

Kuhusu utapeli sitaeleza sana, kwa kuwa kila msomaji mwenye simu ameshapokea ujumbe wa kumtaka atume hela kwenye namba nyingine. Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA) imetenga namba 15040 ya kuripoti matapeli wa aina hiyo. Meseji nyingi kati ya hizo huanguka patupu kwa kuwa tapeli anabahatisha, hajui anamwandikia nani wala anasubiri nini. Boksi lililoandikwa kwa maka peni linamtoa kwenye kubahatisha. Linampa jina, linampa namba, linampa mahali mzigo ulipotoka na unapokwenda, na zaidi ya yote linampa mtu anayesubiri. Akipiga akasema, dada fulani, mzigo wako kutoka Kariakoo umefika ila kuna elfu tano ya kutolea, tuma kwenye namba hii, huyo dada atajuaje kwamba anadanganywa? Kila neno ni kweli isipokuwa lile la hela. Ujumbe wa uongo unaotumia jina la posta na kampuni za vifurushi umekuwa kero ya nchi nyingi duniani kwa sababu hiyo hiyo: anayesubiri kitu hufungua mlango upesi.

Hatari ya pili haipigiwi kelele kwa sababu wanaoipata wengi ni wanawake, na wengi wao wameshaambiwa waizoee. Namba iliyotolewa kwa ajili ya kufikishiwa mzigo inageuka namba ya kuombea urafiki. Jioni inaingia meseji: mrembo, mimi ni yule niliyekuletea kifurushi. Anajua jina lako, anajua geti lako, anajua kama ulifungua mlango peke yako. Uingereza ofisi ya Kamishna wa Taarifa ilitoa matokeo ya uchunguzi wake mwaka 2023: asilimia 30 ya watu wenye umri wa miaka 18 hadi 34 walisema wamewahi kutafutwa kimapenzi, bila kutaka, baada ya kutoa taarifa zao kwa biashara. Huko kuna sheria iliyozoeleka na kampuni zenye mifumo ya kompyuta. Sisi tunaandika namba ya binti juu ya boksi, tunalifunga nyuma ya bodaboda, inazunguka nalo mjini.

Halafu wapo wauzaji wa mitandaoni. Siku hizi imekuwa desturi ya muuza mikoba au mafuta ya ngozi kupiga picha rundo la vifurushi kabla havijaondoka na kuibandika Instagram au kwenye status ya WhatsApp: mizigo ya wateja wetu wa Arusha, Mbeya na Kahama inaondoka leo. Majina yanasomeka, namba zinasomeka. Najua kwa nini wanafanya hivyo, na sababu yao si mbaya. Wateja wameumizwa na wauzaji hewa, na picha ya mzigo uliofungwa ni ushahidi kwamba huyu anatuma kweli. Lakini uaminifu wako kwa mteja wa kesho unaujenga kwa kumvua nguo mteja wa jana. Kenya, Septemba 2023, ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data iliitoza klabu ya Casa Vera ya Nairobi faini ya shilingi 1,850,000 za Kenya kwa kuweka mtandaoni picha ya mteja bila ridhaa yake. Ilikuwa sura tu. Picha ya rundo la vifurushi hutaja jina na njia ya kumfikia mtu kwa pamoja. Muuzaji anaweza kugeuza maboksi upande wa pili kabla ya kupiga picha. Ushahidi ni ule ule.

Kuna jambo zito zaidi, na hapa naomba wale wa mtu mwema hana cha kuficha watulie wasikilize. Vifurushi havibebi vitenge peke yake. Vinabeba dawa za kufubaza virusi vya Ukimwi za mtu aliyesafiri akaishiwa. Vinabeba vidonge vya uzazi wa mpango vya mke ambaye nyumbani hapana maelewano. Vinabeba pedi za mzee asiyeweza kuzuia mkojo, vyeti vya hospitali, hati ya kiwanja kinachogombewa na ndugu, fedha za mirathi zilizogeuzwa bidhaa. Watu hawa wote ni wema. Wote wana cha kuficha, na wana haki ya kukificha. Neno DAWA lililoandikwa kwa herufi kubwa kando ya jina la mtu, kwenye boksi litakaloshushwa katika mji mdogo ambako mpokeaji anajulikana, linaweza kumvunjia ndoa au kumtoa kazini. Karani akague ndani, aone ni vidonge, aridhike kwamba si vitu vya haramu, na aandike kwenye kitabu chake kwamba amekagua. Juu ya boksi hapahitaji zaidi ya kuonya kwamba kuna kioo au kimiminika.

Najua kinachofuata: hizo ni sera za Ulaya, sisi Waafrika tunajuana. Kauli hii ni ya kuwasingizia wazee wetu. Pwani, sahani ya futari inapopelekwa kwa jirani hufunikwa kawa, na mtoto anayeibeba haambiwi aitangaze njiani ni ya nani na ndani mna nini. Afike apige hodi, asubiri. Kwa miongo mingi barua za Afrika Mashariki zilikwenda kwa sanduku la posta. S.L.P. na namba, basi. Iliandikwa kwenye bahasha, kwenye barua za kazi, kwenye mabango ya maduka, na hakuna aliyeweza kuisoma akajua mwenyewe analala wapi. Ni kweli kwamba wengi walitumia sanduku la shule au la kanisa, na barua ilipita kwanza mezani kwa mwalimu mkuu au mchungaji. Huo ulikuwa upungufu, na watu waliulalamikia. Lakini mlango wa nyumba haukuwa mali ya kila aliyeshika bahasha. Leo tuna operesheni ya anwani za makazi, tuna postikodi, kila nyumba inapata namba, na mimi naunga mkono mpango huo kwa sababu gari la wagonjwa linahitaji kufika. Ndiyo maana huu ndio wakati wa kuamua nani anastahili kuisoma anwani hiyo, kabla hatujazoea kuiandika kila mahali.

Sheria nayo ina historia ambayo watetezi wa maka peni wameirithi bila kujua. Mwaka 1878 Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kwamba barua na vifurushi vilivyofungwa na kukabidhiwa posta vinalindwa kama vitu vilivyo nyumbani kwa mtu, isipokuwa umbo lake la nje na uzito wake. Kwa zama zile ulikuwa uamuzi mkubwa wa kumlinda raia, kwa kuwa siri ilikuwa ndani ya bahasha na nje palikuwa na jina tu, na jina halikuwa na la kufanya. Mambo yamegeuka. Ndani ya kifurushi cha leo mna betri na kemikali zinazostahili kuonwa, na nje mna namba ya simu inayofungua pochi ya mtu. Bado tunaishi kwa mpango wa zamani: ndani hatugusi, nje tunaanika.

Wasiopenda mabadiliko watasema mizigo itapotea. Hebu tuitazame kaunta yenyewe, tusibishane hewani. Kila risiti ya ofisi ya mizigo ina namba yake iliyochapwa. Namba hiyo inatosha kuandikwa juu ya boksi pamoja na mji linakokwenda. Jina na simu ya mpokeaji vinabaki kwenye nakala ya kitabu na kwenye orodha ya mizigo anayokabidhiwa kondakta ndani ya bahasha, ambayo karani wa upande wa pili ataifungua na kupiga simu. Mtumaji anamtumia mpokeaji namba ya risiti. Mpokeaji anafika nayo, pamoja na kitambulisho cha kuonyesha. Mpita njia hana hata kimoja. Na kwa hofu ya lebo kuchanika, andika jina na namba kwenye karatasi, iweke ndani ya boksi kabla ya kulifunga. Huo ni ushauri wa siku nyingi wa mashirika ya posta. Hapo sijataja kompyuta, sijataja programu, sijataja senti moja ya gharama mpya. Kinachotakiwa ni kalamu ile ile iandike kitu kingine.

Wenye kompyuta hawana hata kisingizio hicho. Kariakoo inaagiza bidhaa kutoka Guangzhou na Yiwu, na wafanyabiashara wetu wanaosafiri huko wameona vifurushi vya China kwa macho yao. China haisifiki kwa kumwachia raia siri nyingi. Tangu mwaka 2015 inamtaka mtumaji ajitambulishe na mzigo wake ukaguliwe. Pamoja na hayo, mwaka 2016 kampuni ya JD ilianza kuficha sehemu ya jina na ya namba ya mteja kwenye lebo. Kisha mwaka 2020 ikafichuka kwamba wafanyakazi wa kampuni ya vifurushi ya YTO walikuwa wamewakodisha wahalifu akaunti zao za kazi, na taarifa za wateja zaidi ya 400,000 zikavuja. Tangu tarehe 1 Machi 2024 kanuni za soko la vifurushi nchini humo zinataka taarifa za mtu kwenye lebo zifichwe zisimtambulishe. Ikiwa nchi inayotaka kujua kila kitu kuhusu mtumaji imeona hatari ya kumwandika juu ya boksi, sisi tunang'ang'ania nini?

Hata posta ya kimataifa imekwisha kutenganisha safari mbili. Baada ya tukio la Yemen, na baada ya miaka ya majadiliano, Umoja wa Posta Duniani uliweka sharti kwamba kuanzia Januari 2021 kila kifurushi chenye bidhaa kinachovuka mpaka kitanguliwe na taarifa zake kwa njia ya kielektroniki. Forodha inaujua mzigo kabla haujafika. Taarifa zina njia yake na boksi lina njia yake. Sharti hilo liliwekwa kwa ajili ya usalama, na linathibitisha kwamba anayehitaji kujua anaweza kujua bila kila mwingine kusoma.

Kisheria hatuna pa kujificha. Ibara ya 16 ya Katiba ya Tanzania inampa kila mtu haki ya faragha yake, familia yake na mawasiliano yake. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inataka taarifa zikusanywe kwa lengo lililo wazi na kwa kiasi kinachohitajika kwa lengo hilo, na imeunda Tume ya kuisimamia. Kenya ina sheria yake ya mwaka 2019, na Ibara ya 31 ya Katiba yake inakataza taarifa za familia au za maisha ya mtu kudaiwa au kufichuliwa pasipo ulazima. Kudaiwa na kufichuliwa: kopi ya NIDA ni la kwanza, maka peni ni la pili. Swali la kumuuliza kila mwenye ofisi ya mizigo, Mbezi au River Road ya Nairobi, ni ulazima uko wapi.

Watetezi wa maka peni nao hutamba na ridhaa. Wanasema mteja ametoa namba kwa hiari yake. Mteja yupi? Aliyesimama kaunta ni mtumaji. Anayeandikwa kwa herufi kubwa ni mpokeaji, aliyeko Kahama, ambaye hajaona fomu, hajaulizwa, na huenda hajui hata kama mzigo umetumwa. Kaka hawezi kutoa ridhaa kwa niaba ya dada yake mtu mzima, na muuza mikoba hawezi kuitoa kwa niaba ya mteja wake. Mtu anayebeba hatari yote ndiye pekee asiyekuwapo wakati hatari hiyo inaandikwa.

Kwa hiyo ninataka mambo yanayowezekana mwaka huu. TCRA, inayotoa leseni za usafirishaji wa vifurushi, iandike kwenye masharti yake kwamba juu ya mzigo kutaonekana namba ya risiti na mji, wala si jina na simu. Masharti hayo hayo yalazimishe mzigo kufunguliwa mbele ya mtumaji na maswali ya betri, gesi na vimiminika kujibiwa kwa maandishi, na aliyedanganya abebe dhamana. Makarani wafundishwe kuuliza na kukagua, na walipwe kwa muda huo wa ziada, kwa kuwa ukaguzi wa kweli unachukua muda na foleni itakuwa ndefu kidogo. Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi iende kwenye stendi, isiishie kwenye benki na kampuni za simu. Na zile kopi za vitambulisho zilizorundikana kwenye madroo na maboksi ya ofisi za mizigo nchi nzima, ambazo hakuna anayezisoma na yeyote anaweza kuzichukua, zisagwe au zichomwe mbele ya shahidi, ofisi iandike tarehe ya kuziteketeza, na isichukue nyingine.